Kuacha Nyama kwa Muda: Unamwachia Nani?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuumba, akatulisha na kutunywesha, akatuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo vibaya. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake, maswahaba zake, na kila anayefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Muhula huu kuna jambo limezungumzwa sana vyumbani mwetu hapa Kicukiro. Wanafunzi wenzetu, Waislamu na wasio Waislamu, wamekuwa wakipeana changamoto ya kukaa siku 7, siku 14 au mwezi mzima bila kula nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Wanakula mimea tupu, na wenyewe wanauita mlo huo vegani. Jina hilo lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na watu waliounda chama chao huko, na tangu mwaka 2014 imekuwepo kampeni ya Veganuary inayowataka watu wajaribu mlo huo kwa mwezi wa Januari. Kwetu changamoto hii imetufikia kwa njia ya simu, kama mambo mengi yanavyotufikia siku hizi.

Jambo hili lilipoingia kwenye darsa letu la jioni, dada mmoja aliuliza kama huku si kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Kabla hajamaliza, kaka mmoja alishajibu kuwa hayo ni mambo ya Wazungu na hayatuhusu. Mwingine akasema la, hiyo ndiyo zuhdi yenyewe, na anayeacha nyama yuko karibu zaidi na Mola wake. Majibu mawili, na yote mawili yalitolewa haraka kuliko swali lilivyostahili. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya masomo ya Kiislamu, si mufti, na fatwa zina wenyewe. Lakini mlo huu nimeujaribu kwa siku 14 baada ya kumaliza sita za Shawwal, na nimerudi kwenye vitabu vyetu kutazama wema waliotangulia waliachaje chakula na kwa nini. Niliyoyapata ndiyo ninayokuleteeni.

Kuacha si kuharamisha

Tuanze na swali la dada yetu, kwa sababu ni swali zito. Surat at-Tahrim inaanza kwa kumuuliza Mtume (s.a.w.) kwa nini anajizuilia kitu alichohalalishiwa na Mola wake kwa kutaka kuwaridhisha wake zake. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba kitu chenyewe kilikuwa asali. Tazama basi: asali, ambayo imo katika orodha ya vitu ambavyo wenzetu wa mlo wa mimea hawali, ndiyo iliyoteremshiwa aya. Na katika Surat al-Maida, aya ya 87, waumini wanakatazwa kujiharamishia vizuri walivyohalalishiwa, na wanakatazwa kuvuka mipaka. Imam Muslim anapokea kisa cha kundi la maswahaba ambao mmoja wao alisema hataoa, mwingine akasema hatakula nyama, na mwingine akasema hatalala kitandani. Mtume (s.a.w.) aliposikia alieleza kuwa yeye huswali na hulala, hufunga na hufungua, na huoa wanawake, na kwamba anayeipa mgongo sunna yake si katika yeye.

Kwa hiyo mlango huo umefungwa. Mwislamu hawezi kusema nyama ni haramu, wala kwamba kuila ni dhambi, wala kwamba asiyeila ni mchamungu kuliko anayeila. Atakayesema hivyo amejipa kazi isiyokuwa yake.

Lakini kuna mlango mwingine, na huo uko wazi. Siku moja Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya kenge wa jangwani iliyochomwa. Akainua mkono wake, asile. Khalid bin Walid (r.a.) akamuuliza kama ni haramu. Akajibu kuwa siyo, ila mnyama huyo hapatikani katika ardhi ya watu wake na nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta akaila, naye Mtume anatazama. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim, na kinatupa kipimo chote tunachokihitaji. Mtume aliacha na hakuharamisha, na aliyekula mbele yake hakukatazwa wala hakuaibishwa.

Nabii Yaakub (a.s.) naye, kama inavyotajwa katika Surat Aal Imran, aya ya 93, alijizuilia baadhi ya vyakula, na wafasiri wengi wamesema ilikuwa nyama ya ngamia na maziwa yake kwa sababu ya maradhi. Mtu anaweza kuacha chakula kwa ajili ya afya, kwa kutokukipenda, kwa kuizoesha nafsi au kwa kubana matumizi. Halali hubaki halali kwake na kwa wengine.

Hapa nitoe tahadhari moja kuhusu ulimi. Mmoja wetu aliingia katika changamoto hii kwa kusema, "Wallahi sili nyama mwezi mzima." Hicho ni kiapo. Akiona kheri katika kukivunja, akivunje na atoe kafara iliyotajwa katika Surat al-Maida, aya ya 89: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Ama aliyesema tu kwamba amejiharamishia nyama, wanazuoni wametofautiana. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, maneno hayo juu ya chakula hayana kafara. Kwa Imam Abu Hanifa na Imam Ahmad yanachukua hukumu ya kiapo. Njia salama ni kutoyatamka kabisa. Sema tu, "Wiki hii nitakula maharage," uendelee na masomo yako.

Sahani yetu ya kila siku

Nirudi kwa kaka yetu aliyesema kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Jina ni lao, hilo tumekubali. Chakula chenyewe je? Tazama melanji tunayokula mchana. Wali, ndizi, viazi, muhogo, maharage, dodo, isombe iliyopondwa na kupikwa kwa karanga, na juu yake kipande kimoja cha nyama kwa mwenye uwezo. Rwanda imo miongoni mwa nchi ambazo kila mtu anakula maharage mengi zaidi duniani. Ondoa kile kipande cha juu na ule mchuzi wake, na sahani yote iliyobaki ni mimea.

Tena sisi Waislamu ni wachache katika nchi hii, na kila mmoja wetu anakijua kile kitambo kifupi mbele ya mpishi: unaulizwa kama uwekewe nyama, hujui imechinjwa na nani, unasema hapana asante, niongezee maharage. Wako wenzetu humu chuoni waliokwisha kukaa wiki nzima bila nyama kwa sababu hiyo tu, na hakuna aliyewapongeza wala kuwapiga picha.

Majirani zetu wa Ethiopia wanatupa mfano mwingine wa kanda hii. Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la huko huacha nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa na katika mifungo yao mirefu, na ndiyo maana mikahawa yao, hata ile iliyoko hapa Kigali, ina vyakula vya dengu na mboga vya namna nyingi. Mfungo huo ni wa dini yao na sisi tuna wetu. Ninautaja ili tujue kuwa kuacha vitu vya mnyama kwa muda ni desturi ya karne nyingi katika pande hizi za Afrika.

Na nyumba ya Mtume wetu ilikuwaje? Bibi Aisha (r.a.) alimsimulia mtoto wa dada yake, Urwa, kwamba walikuwa wakiona mwezi mwandamo, kisha mwingine, kisha mwingine, miandamo mitatu katika miezi miwili, bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (s.a.w.). Urwa akauliza walikuwa wakiishi kwa nini. Akamjibu kuwa ni kwa tende na maji, ila majirani wa Kiansari waliokuwa na wanyama wa maziwa walikuwa wakimpelekea Mtume maziwa naye akiwanywesha. Huyu ndiye aliyependa nyama ya bega la mbuzi ilipopatikana. Ilipopatikana alikula na kushukuru, na ilipokosekana alikula siki na mkate akaisifu siki. Wala hakupata kukitia ila chakula. Akikitaka hukila, asipokitaka hukiacha.

Mwanangu, wewe unajaribu

Sasa niseme kuhusu siku zangu 14. Nilipanga mapema. Asubuhi uji wa mtama bila maziwa, mchana wali na maharage au muhogo kwa isombe ya karanga, usiku viazi vitamu na dodo. Siku tatu za kwanza nilikumbuka maziwa zaidi kuliko nyama, na aliyekulia Rwanda hatashangaa, kwani hapa maziwa ni heshima na kumtakia mtu ng'ombe ni kumtakia kheri. Siku ya tano harufu ya brosheti ya mbuzi ilinifuata kutoka Sonatube, nikajua nafsi ina mkono mrefu. Baada ya wiki nilizoea. Nilianza kuonja maharage yenyewe, nikagundua kuwa kwa miaka mingi nilikuwa nayameza tu nikielekea kwenye nyama.

Hayo ni mafunzo mazuri, lakini ningekuwa nayo peke yake nisingeandika makala hii. Lililonifanya niandike nililisikia sokoni.

Kuna mama mmoja, mtu mzima, ninayenunua kwake mboga hapa Kicukiro. Ni Mwislamu mwenzetu, analea wajukuu. Aliponiona nanunua dodo siku ya nne mfululizo aliniuliza, "Mwanangu, unaumwa? Daktari amekukataza nyama?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Nimejiwekea wiki mbili za kula mimea tu. Najaribu."

Akacheka kidogo huku akifunga mafungu yangu. "Allah akuwezeshe. Wewe unajaribu. Sisi nyumbani hatujaribu, ndivyo tunavyokula. Nyama tunaionja Idd ikitukuta. Mayai haya ya jirani yangu nayauza, siwapi watoto, maana yai moja nikiliuza napata maharage ya wote."

Hakuyasema kwa kulalamika. Alinipa chenji yangu akamgeukia mteja mwingine. Mimi nilitembea hadi bwenini na maneno yale. Kitu ninachokiita changamoto, na ambacho wenzangu wananiuliza habari zake kwa mshangao, kwa mama huyu ni Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nikimaliza siku zangu 14 nitarudi kwenye yai. Mjukuu wake hana yai la kurudia.

Wala hili si jambo dogo katika nchi yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2019 hadi 2020 ulikuta kuwa asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi, kuanzia maradhi na maji machafu hadi hali ya mama wakati wa ujauzito, lakini mlo usiobadilika na wenye uhaba wa vyakula kama maziwa na mayai ni mojawapo. Ndiyo maana mpango wa Girinka ulianzishwa mwaka 2006, kuzipa familia masikini ng'ombe wa maziwa. Basi itakuwa aibu kwetu wanafunzi kusimama mbele ya familia kama hizo tukizihutubia juu ya ubora wa kuishi bila maziwa.

Umar na mwaka wa njaa

Hapa ndipo nilipomkuta Umar bin Khattab (r.a.), na nadhani yeye ndiye mwalimu wetu katika jambo hili.

Katika mwaka wa 18 wa Hijra ukame mkali uliikumba Bara Arabu. Upepo ulikuwa ukipeperusha udongo kama majivu, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu, Aam ar-Ramada. Watu walimiminika Madina kutafuta chakula. Wanahistoria wamepokea kuwa Umar, naye ni Amiri wa Waumini, alijizuilia nyama, samli na maziwa mpaka watu wote wapate nafuu. Akawa anakula mkate kwa mafuta ya zeituni hadi rangi yake ikabadilika na tumbo likawa linanguruma. Imepokewa kuwa siku moja samli na maziwa yalionekana sokoni, mtumishi wake akamnunulia kwa dirhamu 40. Umar akaamrisha vitolewe sadaka, akauliza atayajuaje mambo ya raia zake ikiwa yeye hakuguswa na kinachowagusa.

Zingatia, ndugu yangu. Kwa lugha ya leo tungesema Umar aliingia katika mlo wa mimea kwa muda. Hakuharamisha samli. Hakuwakataza watu nyama. Ngamia walikuwa wakichinjwa na kupikwa masufuria makubwa, na wenye njaa wakilishwa. Yeye ndiye aliyeacha, na alichokiacha kilikwenda kwa mwingine. Mvua iliponyesha na watu wakapata, zuio lake likaisha.

Na katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kuwa Umar alimkuta Jabir bin Abdillah (r.a.) amebeba nyama. Alipomuuliza, Jabir alimwambia kuwa walikuwa na hamu ya nyama, akanunua ya dirhamu moja. Umar akamuuliza kama hakuna miongoni mwao anayetaka kulikunja tumbo lake kwa ajili ya jirani yake au mtoto wa ami yake. Katika kitabu hichohicho imepokewa kuwa aliwaonya watu juu ya nyama kuwa ina uraibu kama uraibu wa pombe. Maonyo hayo yote mawili yanamwendea mtu anayekula halali. Nyama ya Jabir ilikuwa halali na pesa yake ilikuwa halali. Umar alikuwa akimuuliza habari za jirani.

Kulikunja tumbo kwa ajili ya jirani: hilo ndilo jibu langu kwa wale walioniuliza kama changamoto hii ina thamani katika dini. Ukiacha nyama wiki mbili ukapungua kilo mbili, umepata faida ya mwili na hakuna ubaya. Ukiacha ukapiga picha sahani yako ili usifiwe, umelipwa papo hapo kwa sifa. Ukiacha ukajua ladha ya mlo wa jirani yako, kisha ukahesabu ulichokiacha na ukampelekea, hapo umeigusa njia ya Umar. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba akipika mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake. Hata sufuria ya nyama, basi, ina fungu la mtu asiyekuwepo jikoni.

Huruma kwa wanyama

Wako wenzetu wanaoacha kwa sababu ya kuwahurumia wanyama. Nao tusiwacheke. Dini yetu imemtaja mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Tumeamrishwa tunapochinja tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Surat an-Nahl imewataja wanyama wa mifugo na manufaa yao, ikataja maziwa, ikataja nyuki na asali yake, yote kama ishara za kuzingatiwa. Mwenye kuwaonea wanyama huruma aanze kuuliza kuku wa sokoni wanasafirishwaje wakiwa wamefungwa miguu vichwa chini, na aseme neno. Hilo ni katika sunna pia, na hata mla nyama linampasa.

Mwili nao una haki

Kwa anayetaka kujaribu, aujue mwili wake. Mtu mzima mwenye afya hana cha kuhofia sana kwa wiki mbili au mwezi, akila vizuri. Maharage pamoja na wali, mahindi au mtama hukamilishana katika protini. Karanga, ufuta na parachichi humpa mafuta. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani huingia mwilini vizuri zaidi yakiliwa pamoja na nyanya, ndimu au chungwa, na chai inayonywewa pamoja na chakula huyapunguza. Basi chai ingoje saa moja au mbili. Wakulima wa Rwanda wamekuwa wakipewa mbegu za maharage yenye chuma kingi tangu miaka ya 2010, ukiyapata sokoni yachague. Ama vitamini B12, hiyo haipatikani katika mimea. Mwili huweka akiba yake kwenye ini, ndiyo maana muda mfupi hauleti shida, lakini anayekusudia kuendelea kwa miezi au miaka lazima aitafute katika vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye upungufu wa damu, mwenye sukari, na mwenye maradhi ya kula, wasianze bila daktari. Na watoto wadogo wasiingizwe katika majaribio ya wakubwa. Tumekatazwa kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi.

Wasia kwa anayetaka kujaribu

Ndugu yangu, dada yangu, ukiamua kuingia, zingatia mambo haya.

La kwanza ni nia. Iweke kabla hujaanza, na iweke kwa Mwenyezi Mungu. Usiape, usiweke nadhiri.

La pili, chagua wakati. Usiifanye siku za Idd. Siku za Tashriq Mtume (s.a.w.) amezieleza kuwa ni siku za kula, kunywa na kumtaja Allah, na katika Hija yake alichukua kipande katika kila ngamia aliyemchinja, vikapikwa, akala nyama na kunywa mchuzi wake. Anayechinja Idd halafu akakataa kuonja kwa sababu ya changamoto ya rafiki zake amegeuza mambo. Nyakati nzuri tunazo: Jumatatu na Alhamisi, na siku nyeupe za tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Funga, kisha futuru kwa tende, maharage na mboga. Umepata sunna, na umepata jaribio lako.

La tatu, mtu asidhalilike kwa sababu ya mlo wako. Mtume (s.a.w.) alisema kuwa hata angealikwa kwenye kwato angeitikia. Salman (r.a.) alipomzuru Abu Dardaa (r.a.) alimtaka avunje funga yake ya sunna ili wale pamoja, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Ikiwa funga ya sunna inavunjwa kwa ajili ya mgeni, mlo wako wa wiki mbili ni nini? Ukifika kwa mama mwenye kipato kidogo, naye amekukaangia yai alilokuwa aliuze, sema Bismillahi ule, na umuombee dua.

La nne, usiwahukumu wengine. Mwenzako akila brosheti mbele yako, kumbuka Khalid na yule kenge.

La tano, na ndilo zito: weka daftari. Kila siku andika ulichokuwa utumie kwa nyama, maziwa na mayai. Mimi nilipojumlisha nilikuta faranga 8,500. Si nyingi, lakini zilitosha kununua trei la mayai na kubakiza chenji. Trei lile halikuliwa bwenini kwetu. Likitoka kwa mmoja ni trei moja. Jumuiya yetu ya wanafunzi ikikubali kufanya hivi wiki moja tu kwa muhula, kila mmoja na daftari lake, tutakuwa na mayai na maziwa ya kupeleka kwa watoto wa mtaa huu huu tunaoupita kila siku tukienda darasani. Nimeshawasilisha pendekezo hilo kwa viongozi wetu, na ninakuombeni mliunge mkono kwa matendo.

Ewe Mola wetu, tunakushukuru kwa nyama tuliyoila na kwa maharage tuliyoyala. Usitufanye miongoni mwa wanaojiharamishia ulichowahalalishia, wala miongoni mwa wanaoshiba ilhali majirani zao wana njaa. Wape watoto wa nchi hii riziki yenye baraka na miili yenye afya. Tutakabalie tunachokiacha kwa ajili yako, na utuonyeshe wa kumwachia. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.